Ukarabati wa deki za DVD

Deki ya DVD ni mashine ya kuchezesha diski za picha na sauti, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Kuifungua kuna hatari mbili, umeme na leza, na umeme ndio wa kuogopwa zaidi. Kuchomoa waya ukutani hakutoshi: penye umeme wa volti 230, kapasita kubwa ya bodi ya pawa, ile iliyo kama kopo dogo, huweza kubaki na chaji ya volti zipatazo 325. Fundi makini huipima kwa mita, kisha huimaliza chaji hiyo kupitia rezista. Kugusanisha miguu yake kwa bisibisi, mtindo uliozoeleka mno, hurusha cheche na huweza kuunguza bodi.

Leza ya kusomea CD, ya nanomita 780, karibu haionekani kabisa; kuichungulia lenzi ili kuona kama inawaka ni kuliponza jicho. Deki isiyosoma diski mara nyingi ina vumbi tu. Pamba yenye spiriti kidogo, ikipitishwa juu ya lenzi bila kukandamiza, huondoa tatizo. Kuizungusha skrubu ya nguvu ya leza huirudishia usomaji kwa muda, lakini huifupishia maisha.