Migongano ya Ukingoni

Katika sayansi, kama katika maisha ya jamii, kila hatua ya mbele huzaa migongano yake. Historia ya juhudi za kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomu ni mfano ulio wazi, na sisi makada na wanafunzi hatuna budi kuuelewa.

Ili viini viungane, haidrojeni hupashwa joto la nyuzi zaidi ya milioni 100. Hapo huwa plazma, na hakuna chombo cha kuishika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tamm na Sakharov wa Umoja wa Kisovieti walipendekeza izungushiwe nguvu za sumaku. Ndipo ikazaliwa mashine ya tokamaki. Mwaka 1968 Artsimovich na wenzake walitangaza mafanikio yao. Wengi katika nchi za Magharibi wakatia shaka. Mwaka 1969 wataalamu wa Uingereza walikwenda Moscow na vipimo vyao vya leza, wakathibitisha. Vita baridi haikuweza kuushinda ukweli uliopimwa.

Mwaka 1982, huko Garching, Ujerumani Magharibi, Fritz Wagner na wenzake waliona plazma ikitunza joto karibu mara mbili ya awali, kwa kuwa ukingo wake ulijijenga kama kizuizi. Ushindi huo ulizaa mgongano mpya. Mkulima wa Malindi, kule Lushoto, atauelewa upesi: katika miteremko ya Usambara tuta huzuia maji, lakini maji yakizidi hulipasua tuta na kuondoka na udongo. Vivyo hivyo shinikizo la plazma likizidi, ukingo hupasuka, joto na chembe huruka ukutani. Kisha ukingo hujijenga na kupasuka tena. Katika mashine kubwa mipasuko hiyo yaweza kuula ukuta.

Je, ikomeshwe tu? La. Mipasuko hiyo hiyo hutoa nje taka, kama atomu za tangsteni zilizobanduka ukutani, ambazo zikirundikana katikati huipoza plazma. Basi kazi ni kuifanya iwe midogo, au kupata njia nyingine ya kutoa taka.

Tena, si kila kitu kigeni ni adui. Naitrojeni au neoni kidogo ukingoni hutawanya joto kama mwanga kabla halijaupiga ukuta. Huko Uingereza, mashine ya JET ilipowekewa ukuta wa beriliamu na tangsteni mwaka 2011, utunzaji wa joto ulipungua. Naitrojeni ikarudisha sehemu yake. Lakini gesi ikizidi, plazma yote hupoa. Kipimo ndicho hutenga dawa na sumu.

Mwaka 2006 mkataba wa mashine ya ITER ulitiwa saini na China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani, Urusi na Umoja wa Ulaya. Hapakuwa na nchi ya Afrika. Kulalamika hakutoshi. Asiye na wataalamu wake atauziwa nishati hiyo kwa masharti ya wengine. Kwa hiyo hesabu na fizikia katika shule zetu ni sehemu ya mapambano ya kujitegemea.