Funga Tu, Fundi

Mjukuu wangu alinunua habu ya gurudumu la nyuma kwa njia ya simu, katika duka la mtandaoni ambalo hajapata kuliona kwa macho yake. Kifurushi kilipofika kwa basi, tulikwenda pamoja kwa fundi baiskeli wa mtaani petu. Fundi aliigeuza ile habu mkononi, akahesabu matundu yake kimyakimya, kisha akahesabu ya rimu.

"Habu ina matundu thelathini na mawili, rimu thelathini na sita," alisema. "Haviendani, Mwalimu."

Kijana akadakia, "Wewe funga tu, fundi."

Maneno hayo yalinichoma, maana mwaka 1984 niliyasema mimi.

Watu hudhani kwamba kumpelekea fundi spea iliyonunuliwa kwingine ni jambo lililoletwa na intaneti. Sivyo. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, baiskeli iliyotamba kwetu Tabora ilikuwa Raleigh, iliyotengenezwa Nottingham, Uingereza. Aliyekuuzia spoki ndiye aliyekufungia: duka lilikuwa la Mhindi, na fundi alikaa barazani. Spea isipofaa, ulibadilishiwa palepale. Isitoshe, baiskeli zile za Kiingereza zilikuwa na desturi yake: gurudumu la mbele spoki 32, la nyuma 40, kwa kuwa la nyuma ndilo linalobeba mzigo. Kwingineko duniani wengi walitumia 36 mbele na nyuma. Baadaye tukazifahamu Phoenix za China na Hero za India, na sisi wenyewe tukawa na Swala yetu ya Dar es Salaam.

Kisha ukaja ukame wa bidhaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni, na bei ya mafuta ikapanda. Sabuni ikawa ya foleni, tairi ikawa ya kibali. Ulipofika msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, mwenye spea mbili alizificha. Ilikuwa bajeti ya Juni 1984 iliyowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje.

Katika miaka hiyo ndipo kununua na kufunga vilipoachana. Mwenye ndugu Nairobi alimwagiza, mwenye jamaa bandarini alimbembeleza, na kila mmoja alikwenda chini ya mwembe na alichojaliwa kupata. Fundi aliyekuwa akila kwa faida ya spea na kwa kazi ya mikono, sasa alibaki na mikono peke yake.

Mimi wakati huo nilikuwa mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu. Shemeji yangu aliniletea rimu mpya kutoka Nairobi, nami nikaipeleka kwa fundi nikitembea kama bwana harusi. Ilikuwa ya matundu 36. Habu yangu ya Raleigh ilikuwa ya 40. Fundi aliniambia kwa upole, "Mwalimu, hili halitakaa." Nikamjibu, "Wewe funga tu." Akafunga, akaacha matundu manne ya habu wazi, na spoki zikavuta kwa nguvu zisizolingana. Wiki ya tatu gurudumu lilijikunja mteremkoni, mwanangu akiwa kwenye keria. Alivunjika mkono.

Kesho yake, katika chumba cha walimu, nilisema kwamba fundi yule ni wa kubahatisha. Sikutaja matundu. Walimu ndio waliokuwa wateja wake wakubwa, na mmoja mmoja wakahama. Kabla ya masika kwisha, chini ya mwembe palikuwa patupu. Mkono wa mwanangu uliunga. Riziki ya mtu yule sijui kama iliunga. Nilikuja kuwa mkuu wa chuo, nikawafundisha walimu wengi kwamba mwanafunzi asiadhibiwe kwa kosa la mwalimu, na sikumtafuta.

Basi siku ile na mjukuu wangu nilimwambia, "Mwombe fundi radhi, kisha tumsikilize." Fundi alitueleza kwamba tunaweza kununua rimu ya matundu 32, au kurudisha habu na kutafuta ya 36. Hakuuza chochote siku hiyo. Nilimlipa kwa kuhesabu. Alicheka, akasema hajawahi kulipwa kwa kuhesabu. Nikamwambia huo nao ni ufundi, na ungeniokoa zamani.

Sidhani ni kosa kununua mbali. Ukosefu ulitufundisha hivyo, na bei inawafundisha vijana wa leo vivyo hivyo. Lakini anayechagua spea ajue kwamba amejitwika jukumu lililokuwa la duka. Fundi anawajibika kwa mkono wake. Kwa chaguo letu tunawajibika sisi. Na akisema haviendani, neno hilo lina thamani yake na lilipiwe.

Fundi wa mwaka 1984 hatujakutana tena. Nilimsema mbele ya watu, kwa hiyo nakiri mbele ya watu: kosa lilikuwa langu. Yeye alihesabu vizuri.