Ngeli ya Russell

Nzahaha ni jina la mahali, lakini ukilisikiliza kwa sikio la Kinyarwanda ni sentensi nzima. N- ni mimi. -Za- ni wakati ujao, tena si ujao wa leo; ni wa kuanzia kesho. Guhaha ni kwenda kununua chakula cha nyumbani. Kiswahili kina kitenzi kinacholingana nacho karibu sawasawa, kuhemea, ambacho watu wa mijini wamekiacha kipigwe na vumbi kamusini. Basi mtu wa umurenge huu, yaani kata, mmoja kati ya imirenge 18 ya Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa ndani ya mkoa wa zamani wa Cyangugu nchini Rwanda, akiulizwa anakaa wapi, umbo la jibu lake ni hili: nitahemea.

Jina lililo sentensi lingemfurahisha mwanafalsafa Bertrand Russell. Mwaka 1905 alichapisha katika jarida la Mind makala aliyodai ndani yake kwamba maneno yanayoonekana kutaja kitu kimoja, kama vile "mfalme wa sasa wa Ufaransa", hayataji kitu chochote. Ni sentensi zilizojikunyata. Ufaransa haikuwa na mfalme, na bado watu waliielewa kauli hiyo bila taabu. Baadaye akaendelea mpaka kwenye majina ya kawaida ya watu na miji: nayo, alisema, ni maelezo yaliyovaa kanzu ya jina.

Sikuwa nimekwenda Nzahaha kwa ajili ya jina, hata hivyo. Nilikwenda na neno jingine lililonikwama, kwa mzee mmoja aliyefundisha hisabati miaka mingi na ambaye majirani bado wanamwita Mwarimu. Nilikuwa natafsiri kurasa chache za Russell kwa Kiswahili, na neno analolitumia kuliko yote, class, lilikuwa limenigomea.

Mwarimu anazungumza Kiswahili cha upande huu, kilichovuka mto Rusizi kutoka Bukavu na Uvira pamoja na bidhaa za wachuuzi. "Mwanangu," aliniambia, "kitabu yako iko wapi? Leta tuone."

Tulianza na yale yasiyofaa. Darasa ni chumba, na lina ubao. Tabaka lina matajiri na maskini ndani yake, na tangu siku za Azimio la Arusha haliwezi kusemwa bila kunusa siasa. Kundi halikubali kuwa tupu, na hisabati inahitaji kundi lisilo na kitu. Nani ataita "kundi" mahali pasipo mbuzi hata mmoja? Seti basi, iliyokwisha kukaa kwenye vitabu vya shule. Neno hili liliingia Afrika Mashariki kwa mlango mpana baada ya 1962, wanahisabati na walimu walipokutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya kwa shule za Afrika, na watoto wakaanza kuchora mviringo juu ya mviringo. Seti haina dhambi. Pia haina mama: haikuzaliwa na kitenzi chochote chetu wala haijazaa kingine. Mwarimu, aliyesoma kwa Kifaransa, alikuwa na ensemble, na alisema daima aliona ndani yake watu wamekaa pamoja. Ndani ya seti mimi huona vikombe vya chai na birika lake.

Ndipo nikataja ngeli.

Mswahili aliyepita shule analijua neno hili kwa hofu: A-WA, KI-VI, LI-YA, mtihani wa Ijumaa. Lakini kabla ya kuwa la mtihani lilikuwa neno la watu. Wanasarufi hulihusisha na Kihaya. Waganda husema engeri wakimaanisha namna au aina. Na Mwarimu aliposikia tu alicheka, kwa kuwa Kinyarwanda kina ingeri, na tangazo la mkutano wa hadhara hapo kwao huita abantu b'ingeri zose, watu wa kila aina. Ngeli, kumbe, imezunguka Ziwa Viktoria na kufika Kivu bila kupita kwenye kamati yoyote ya istilahi.

Russell alihitaji neno kama hilo kwa sababu ya balaa aliloligundua mwaka 1901, akiwa bado hajafika miaka 30. Wengi hulisimulia kwa kisa cha kinyozi anayewanyoa wote wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Sikipendi kisa hicho, kwa kuwa jibu lake ni jepesi: kinyozi huyo hayupo, twende zetu. Afadhali tukae na maneno. Chukua neno "neno": ni neno. Linajibeba. "Nomino" ni nomino, nalo linajibeba. Lakini "kitenzi" si kitenzi, ni nomino. "Sentensi" si sentensi. Na "Kifaransa" si neno la Kifaransa. Haya hayajibebi. Sasa uliza: je, neno "lisilojibeba" linajibeba? Ukisema ndiyo, basi ni lisilojibeba, kwa hiyo halijibebi. Ukisema hapana, basi limekuwa hasa kile linachokitaja, kwa hiyo linajibeba. Huwezi kusema hapa kwamba neno hilo halipo, maana umelitamka sasa hivi. Sura hii ya maneno iliandikwa na Kurt Grelling na Leonard Nelson mwaka 1908. Ya Russell ilihusu ngeli zenyewe: ngeli ya ngeli zote zisizo ndani ya nafsi zao, je, imo ndani ya nafsi yake?

Tarehe 16 Juni 1902 alimwandikia barua Gottlob Frege, Mjerumani wa Jena aliyekuwa ametumia maisha yake kuijengea hesabu msingi wa mantiki tupu. Juzuu ya pili ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wapiga chapa. Frege alijibu ndani ya siku chache, na kitabu kilipotoka mwaka 1903 kilikuwa na nyongeza mwishoni ambamo mwenye nyumba mwenyewe anaeleza ufa wa msingi wake. Russell alikumbuka uungwana huo maisha yake yote.

Dawa aliyoipendekeza Russell mwaka 1908, akaitia kwenye juzuu tatu za Principia Mathematica alizoziandika na Alfred North Whitehead kati ya 1910 na 1913, inaitwa nadharia ya aina. Vitu viko kwenye ngazi. Vitu ni ngazi ya kwanza, ngeli za vitu ni ya pili, ngeli za ngeli ni ya tatu, na kadhalika. Kusema kwamba ngeli imo au haimo ndani ya nafsi yake si kusema uongo. Ni kutosema kitu. Wanafunzi wa Kizungu husumbuka sana hapa. Kitu gani hicho ambacho si kweli wala si uongo, na maneno yote yapo?

Mimi niliposoma sikusumbuka. "Mtoto analia" inaweza kuwa kweli au uongo, nenda kaangalie. "Mtoto kinalia" huendi kuangalia. Hakuna wa kumkanusha aliyeisema, utamrekebisha tu. Wanasarufi wetu huita jambo hili upatanisho, na mtoto wa miaka minne Unguja anao tayari. Russell alijenga kwa alama ngumu, kurasa mia tatu na ushei kabla ya kufika kwenye moja jumlisha moja, kitu ambacho kinakaribia sana kanuni ya upatanisho wa kisarufi iliyotiwa kwenye hisabati.

Nikamweleza Mwarimu hayo kwa fahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mimi niliposema kitabu yako iko wapi, hukunielewa?"

Nilimwelewa. Na huo ndio ukweli wa Kiswahili cha huku: "iko" inabeba vitabu, meza, pesa na barabara, na soko linakwenda. Upatanisho wangu wa Unguja, ambao nilidhani ni mpaka wa maana, kwa Mwarimu ni adabu ya mezani. Sijui Russell angesema nini. Nadhani angesema kwamba lugha za watu hazimhusu, na ndiyo sababu alitunga alama zake.

Aliyeamini kwamba lugha za watu zinahusika alikuwa Mnyarwanda. Alexis Kagame, aliyezaliwa mwaka 1912, mwaka wa juzuu ya pili ya Principia, alikuwa padri, mwanahistoria na mshairi. Mtu yuleyule aliyetunga utenzi wa Indyohesha-birayi, yaani kinachotia ladha viazi, akiwa na maana ya nguruwe. Alikwenda Roma mwaka 1952, akasoma Chuo Kikuu cha Gregoriana, na tasnifu yake ilitoka mwaka 1956 kama kitabu cha Kifaransa kuhusu falsafa ya Kibantu ya Rwanda. Alichofanya ni kuzitazama ngeli za lugha yake kama Aristoteli alivyotazama namna za kuwa, na kuzipunguza mpaka nne: umuntu, kilichopo chenye akili, ikintu, kilichopo kisicho na akili, ahantu, mahali na wakati, ukuntu, namna. Mzizi ni ule mmoja, -ntu. Mungu hakumweka ndani yake.

Nimeipenda hesabu hiyo tangu siku ya kwanza, na siiamini sana. Kiswahili kina mtu na kitu, lakini ahantu yetu ilikwisha kuolewa na Kiarabu, tukabaki na mahali, na ukuntu umekuwa namna au jinsi. Je, tumepoteza nusu ya falsafa kwa kukopa maneno mawili? Paulin Hountondji wa Benin alimshambulia Kagame vikali kwa kuifanya sarufi imfikirie mwanafalsafa. Lakini ni haki kusema pia kwamba mwaka 1958 mwanaisimu Émile Benveniste alionyesha kuwa aina kumi za Aristoteli zinafanana mno na sarufi ya Kigiriki. Basi kama ni kosa, ni kosa la ukoo mzuri.

Kisha Mwarimu akaniambia jina la ngeli katika vitabu vya sarufi ya Kinyarwanda. Ni inteko, na zinafundishwa 16. Neno hilohilo ni baraza: Bunge la Rwanda ni Inteko Ishinga Amategeko. Nilikaa kimya nikilionea wivu. Ngeli kama kikao! Nomino zimeketi, kila moja na kiambishi chake, na anayeingia lazima akubaliwe na waliomo.

Lipo neno lingine alilolitaja mwishoni, na sauti yake ilishuka. Ubwoko. Nalo ni aina. Hapo zamani lilikuwa hasa neno la koo, Abasinga, Abazigaba, Abagesera na wengine, na ndani ya ukoo mmoja ungewakuta Wahutu, Watutsi na Watwa. Wabelgiji walipoleta vitambulisho miaka ya 1930, neno likaandikwa kwenye kadi, na mbele yake mtu akaandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Koo zikabaki nje ya kadi. Neno hilo lilikaa kwenye vitambulisho mpaka mauaji ya kimbari ya 1994, na vizuizini lilisomwa kabla ya jina.

Hapa ndipo Russell anapokutana na Rwanda kweli. Desemba 1963 Watutsi waliokuwa uhamishoni walishambulia kutokea Burundi, na kisasi kikawaangukia Watutsi waliobaki ndani ya nchi, maelfu yao Gikongoro, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe ukitokea Cyangugu. Februari 1964 Russell, mzee wa miaka 91 aliyekwisha kufungwa jela mara mbili kwa kupinga vita na mabomu, alitangaza kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kutisha na ya mpango kuliko yote yaliyoshuhudiwa tangu Wanazi walipowaangamiza Wayahudi. Dunia ilimsikia ikaendelea na shughuli zake.

Kishawishi ni kuilaumu sarufi: kwamba Watutsi walioitwa inyenzi, mende, walitolewa kwenye inteko ya watu wakatiwa ya wadudu. Mwarimu alikataa. Intumwa, mjumbe, yumo kwenye inteko ileile ya inyenzi, na impunzi, mkimbizi, pia. Hakuna aliyekufa kwa kiambishi, alisema. Kiswahili kwa upande wake humpa mende "a-" kama mtu: mende amekufa. Hilo nalo halijawahi kumwokoa mende.

Nilirudi kwenye kurasa zangu nikafuta "tabaka" mahali nilipokuwa nimelijaribu. Kwa hesabu ya shule nimebakiza seti, isiyo na historia ya kumtonesha mtu. Kwa Russell nimeandika ngeli, na Mwarimu ameweka alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu nyekundu ya mwalimu: mwanafunzi, anasema, atatafuta kiambishi. Na atafute. Tulikuwa bado tunabishana jua lilipoanza kushuka upande wa Kongo, mkewe akaita kutoka jikoni kwamba unga umekwisha. Mwarimu hakuinua uso kutoka kwenye karatasi.

"Nzahaha," akajibu.

Jioni hiyo tulikula viazi.