Masimulizi ya wazee ni ushahidi, lakini yapimwe
Mtafiti wa historia ya Abakhayo huko Mundika, Busia, hukuta masimulizi mengi kuliko maandishi. Je, yaaminiwe? Jan Vansina alieleza mwaka 1961 kwamba masimulizi ni ushahidi, mradi yachunguzwe. Naye Gideon Were aliyategemea katika historia ya Waluhya aliyoichapisha mwaka 1967.

Msimulizi ni nani? Aliyasikia kwa nani? Ana maslahi gani, hasa panapodaiwa ardhi? Kauli ya ukoo mmoja ilinganishwe na ya ukoo hasimu, kisha na nyaraka. Ikumbukwe kuwa hadi 1902 eneo hilo lilikuwa chini ya Uganda. Anayepekua kumbukumbu za Kenya pekee atakosa za awali. Wala wingi wa mashahidi si ithibati: huenda wote walimsikia mmoja.