Kwaheri ya Mwalimu? Kozi ya Awali ya Saikolojia kutoka Kisanduku cha Pressey hadi Intaneti

Historia ya ufundishaji kwa njia ya intaneti aghalabu huanzia kwenye kompyuta. Kwa mintarafu ya kozi ya awali ya saikolojia katika vyuo vikuu vya Marekani, mwanzo huo haufai. Kozi hii husomwa na umati wa wanafunzi, wengi wao wakiwa hawana nia ya kuendelea na taaluma hiyo, na wahadhiri wake ni watu ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi binadamu anavyojifunza. Haishangazi basi kwamba darasa lao liligeuka kuwa maabara yao, na kwamba majaribio ya kumwondoa mwalimu mbele ya wanafunzi yalianzia kwao mapema, tangu miaka ya 1920.

Katika miaka hiyo Sidney Pressey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alibuni kisanduku chenye dirisha dogo na vibonyezo vinne. Swali lilijitokeza dirishani pamoja na majibu manne, naye mwanafunzi akabonyeza alilolidhani sahihi. Kisanduku kiliweza kuhesabu tu majibu yaliyopatikana; lakini kiliweza pia kupangwa kisilete swali linalofuata mpaka jibu sahihi lipatikane. Mpango huu wa pili ndio wenye uzito, kwani kwao mtihani uligeuka kuwa somo. Pressey alikieleza kifaa chake katika makala ya mwaka 1926, akitarajia kwamba kingempunguzia mwalimu mzigo wa kusahihisha. Soko halikumwitikia, na mwaka 1932 alitangaza kwa masikitiko kwamba anaiacha kazi hiyo.

B. F. Skinner wa Harvard aliifufua fikra hiyo katika miaka ya 1950 kwa sharti jipya: mwanafunzi asichague jibu, bali aliandike mwenyewe, kisha alilinganishe papo hapo na jibu la mashine. Somo lilikatwa katika hatua ndogo mno ili makosa yawe machache. Wakosoaji waliona humo kiwanda. Yeye aliona kinyume chake, yaani mwanafunzi asiyelazimika kumsubiri mwenzake wala kumkimbiza.

Hata hivyo, anayestahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi ni Fred Keller, rafiki wa Skinner tangu walipokuwa wanafunzi Harvard. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Keller alishughulikia mafunzo ya alama za Morse kwa wanajeshi, ambamo kila mtu aliambiwa mara moja kama amepata au amekosa. Mwaka 1964, akishirikiana na J. Gilmour Sherman pamoja na Wabrazili Carolina Bori na Rodolpho Azzi, aliandaa kozi ya awali ya saikolojia kwa Chuo Kikuu cha Brasília, kilichokuwa na umri wa miaka miwili tu. Kozi ilianza miezi michache baada ya jeshi kutwaa madaraka nchini humo. Mwaka uliofuata zaidi ya walimu 200 wa chuo hicho walijiuzulu, na jaribio likakatika. Keller na Sherman waliliendeleza katika Chuo Kikuu cha Arizona State.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Somo liligawanywa katika sehemu, kila moja na mwongozo wake wa maandishi. Mwanafunzi alisoma kwa kasi yake, akafanya jaribio alipojiona tayari, na hakuruhusiwa kuvuka sehemu ambayo hajaimudu. Kushindwa hakukumpunguzia alama. Alirudi kusoma, akajaribu tena. Mhadhara ukawa jambo la hiari, wa kuamsha hamu tu. Jaribio lilisahihishwa hapo hapo na mwanafunzi mwingine aliyekwisha kuifahamu kozi vyema: aliketi naye, akamsikiliza akilitetea jibu lake, akamwonyesha alipopotea.

Msomaji aliyepitia chuo cha Kurani katika mwambao wa Afrika Mashariki atautambua utaratibu huu bila ya kuelezwa sana: mwanafunzi mkubwa akimsikiliza mdogo, na mdogo asivuke asichokimudu hata kama wa rika lake wamekwisha kuvuka. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Keller aliujua mfano huo. Ulinganifu huo unatosha tu kutia shaka katika madai kwamba kumwacha kila mmoja aende kwa kasi yake ni zao la mashine.

Makala yake ya mwaka 1968 Keller aliipa jina lenye maana ya “Kwaheri, Mwalimu”, na jina hilo limewapotosha wengi. Aliyeagwa ni msemaji wa jukwaani. Msikilizaji aliyeketi kando ya mwanafunzi aliongezwa, tena wengi. Mwaka 1979 James Kulik na wenzake walilinganisha tafiti 75, wakakuta kwamba wanafunzi waliofundishwa kwa mpango huu walifanya vizuri zaidi katika mitihani kuliko wale wa mihadhara, na kwamba tofauti baina ya wanafunzi wenyewe zilipungua. Hata hivyo mpango ulififia. Ulidai maandalizi mengi na wasaidizi wengi, na uhuru wa kasi ukawa mtego: wako walioahirisha majaribio wiki baada ya wiki.

Intaneti ilipoingia, kilichorithiwa kwanza hakikuwa kisanduku cha Pressey wala msaidizi wa Keller, bali mhadhara. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Yale kilirekodi kozi ya Paul Bloom ya utangulizi wa saikolojia na kuitoa bure. Ni mihadhara mizuri, lakini haimuulizi mtazamaji kama amefahamu. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha San Jose State, kikishirikiana na kampuni ya Udacity, kilianza na kozi za hisabati. Miongoni mwa waliojiandikisha walikuwemo wanafunzi wa sekondari na wengine waliokwisha kushindwa somo hilo, na matokeo yakawa mabaya. Saikolojia ilipoongezwa katika muhula wa kiangazi, matokeo ya jumla yalipanda, lakini sehemu kubwa ya wanafunzi wa kiangazi walikuwa na shahada tayari. Mwezi Julai mpango ulisimamishwa. Waliohitaji msaada zaidi ndio walioachwa peke yao.

Mwaka 2015 Kenneth Koedinger na wenzake walichambua kozi ya awali ya saikolojia iliyotolewa na Georgia Tech kwa njia ya intaneti. Walikuta kwamba kufanya mazoezi yenye majibu ya papo kwa papo kulihusiana na kujifunza takriban mara sita zaidi ya kutazama video au kusoma kurasa.

Huko Texas, James Pennebaker na Samuel Gosling walikuwa wamekwisha kulifikia jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 2011 waliwapa wanafunzi 901 jaribio fupi la kompyuta katika kila kipindi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 yalionyesha kwamba pengo la alama baina ya wanafunzi wa tabaka la chini na wa tabaka la juu lilipungua kwa nusu likilinganishwa na madarasa ya awali. Mwaka huohuo waliihamishia kozi katika intaneti, wakiirusha moja kwa moja kutoka studio. Jaribio la kila kipindi lilibaki, na wanafunzi wakagawanywa katika vikundi vidogo vya mazungumzo. Kitu kimoja cha Keller hawakukirudisha, nacho ni uhuru wa kasi. Kila mwanafunzi, popote alipokuwa, alitakiwa kuwapo katika saa ileile.