Siri na Imani ya Umma katika Uchunguzi wa Vita: Mfano wa Uingereza, 1916–2016

Serikali inapoiingiza nchi vitani, hutanguliza maneno kabla ya silaha. Huwapo taarifa za wapelelezi, ushauri wa wanasheria, barua baina ya wakuu wa nchi na hotuba za bungeni. Vita vikiisha, au vikienda kombo, wananchi hudai kuyajua maneno hayo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa mifano ya Uingereza, kwamba umma haukukosa imani na tume za uchunguzi kwa sababu ya hukumu zao tu. Uliikosa zaidi kwa kuwa ulinyimwa maneno yenyewe ambayo kwayo ungeweza kuzipima hukumu hizo.

Mwaka 1916, baada ya mashambulizi ya Gallipoli kushindwa, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda tume mbili, moja ya Dardanelles na nyingine ya Mesopotamia. Tume ya Dardanelles ilipokea ushahidi faraghani. Ripoti yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1917, na ya mwisho haikutangazwa mpaka mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha. Siri hiyo ilikuwa na sababu iliyoeleweka, kwani wakati wa uchunguzi adui alikuwa angali akipigana.

Sababu hiyo haikuwapo tena mwaka 1982. Argentina ilivivamia Visiwa vya Falkland tarehe 2 Aprili, Uingereza ikavitwaa tena, na mwezi Julai ikaundwa kamati chini ya Lord Franks kuchunguza jinsi serikali ilivyotekeleza wajibu wake kabla ya uvamizi. Kamati ilikutana faraghani, ikasoma nyaraka za siri, na ripoti yake ikatolewa Januari 1983. Ndani yake zilitajwa kasoro kadha za serikali. Lakini aya ya mwisho, ya 339, ilisema kwamba serikali haikustahili kulaumiwa kwa uamuzi wa Argentina kuvamia. James Callaghan, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, aliifananisha kamati hiyo na mchoraji aliyechora picha nzuri kwa aya 338, kisha akaimwagia ndoo ya chokaa. Kejeli hiyo ilienea kwa kuwa msomaji hakuwa na ushahidi wa kumwezesha kuamua iwapo ilikuwa ya haki au ya uonevu.

Hata hivyo, vita vya Irak ndivyo vilivyolidhihirisha tatizo hili waziwazi. Mnamo Septemba 2002 serikali ya Tony Blair ilichapisha waraka uliodai kwamba Irak iliweza kuwa tayari kutumia silaha zake za maangamizi katika muda wa dakika 45. Tarehe 7 Machi 2003 Mwanasheria Mkuu, Lord Goldsmith, alimwandikia Waziri Mkuu ushauri mrefu wenye kutaja mashaka ya kisheria. Siku 10 baadaye Bunge lilipewa jibu fupi lisilo na mashaka hayo. Ushauri kamili haukutangazwa mpaka Aprili 2005.

Uchunguzi wa Lord Hutton, kuhusu kifo cha mtaalamu wa silaha David Kelly, ulisikilizwa hadharani. Lakini hadidu zake zilikuwa finyu, na ripoti yake ya Januari 2004 ilipokewa na wengi kwa dhihaka. Ni dhahiri basi kwamba uwazi wa vikao pekee hautoshi, ikiwa swali kuu limeachwa nje ya mlango. Kamati ya Lord Butler, iliyokutana faraghani mwaka huohuo, ilibainisha kwamba tahadhari za wapelelezi kuhusu udhaifu wa taarifa zao hazikuonyeshwa ipasavyo katika waraka wa 2002. Kwa wanalugha jambo hili lina uzito wa pekee: kuondoa neno la shaka katika sentensi ni kubadili maana yake nzima.

Tarehe 15 Juni 2009 Gordon Brown alitangaza uchunguzi mpya chini ya Sir John Chilcot, ufanywe faraghani kwa kufuata mfano wa Franks. Upinzani ulikuwa mkali, na vikao vikafunguliwa kwa umma mwezi Novemba. Baadaye ulizuka mgogoro mrefu kuhusu barua za Blair kwa Rais George W. Bush, ambazo wakuu wa utumishi serikalini walikataa zisichapishwe. Miaka ilipita, na jamaa za askari waliouawa wakatishia kwenda mahakamani. Ripoti ilipotoka tarehe 6 Julai 2016, yenye maneno yapatayo milioni 2.6, barua ya tarehe 28 Julai 2002 ilisomwa na kila mtu. Ndani yake Blair alimwahidi Bush kuwa pamoja naye kwa vyovyote, miezi minane kabla ya uvamizi.

Wanaoitetea siri wana hoja zisizopaswa kupuuzwa. Shahidi wa faraghani huweza kusema kwa uhuru zaidi, majina ya wapelelezi yahitaji kulindwa, na nchi rafiki hutarajia stara. Lakini hoja hizo zahalalisha kufichwa kwa jina au aya fulani. Hazihalalishi kufungwa kwa uchunguzi mzima. Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Pale tume inapoficha maneno, uvumi huyatunga mengine. Jamaa za wanajeshi 179 wa Uingereza waliokufa Irak hawakuhitaji kuambiwa waiamini tume. Walihitaji kusoma yale iliyoyasoma.