London Hadi Cape Town: Maili Zile Zile

Leo tuitazame safari ya ndege kutoka London hadi Cape Town. Ukivuta uzi ulionyoka juu ya tufe la dunia, ni kama maili 6,000, wala maili hizo hazijapungua. Basi, siku za safari zimepunguaje?

Tarehe 4 Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, wazaliwa wa Afrika Kusini, waliondoka Uingereza. Walifika Cape Town tarehe 20 Machi, siku 45. Lakini muda waliokuwa hewani haukutimia hata saa 110! Siku nyingine zililiwa na matengenezo, ajali, na kungoja. Eropleni ya kwanza ilivunjika Korosko, kando ya Mto Nile. Ya pili Bulawayo, iliposhindwa kupaa katika hewa nyepesi ya nyanda za juu. Wakamaliza kwa ya tatu. Kupona kwao kwanishangaza kuliko mwendo wao.

Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari za ratiba, siku 11 hivi. Abiria walipita Italia kwa treni, usiku wakalala hotelini, na ndege ilitua Moshi, Dodoma na Mbeya.

Injini imesaidia, ndiyo, lakini naona tangi kubwa la mafuta na kuruka usiku vimesaidia zaidi. Siku hizi ndege huenda moja kwa moja, muda wa saa 12 hivi. Wala haipiti tena Dodoma: uzi ule ulionyoka unapita magharibi, juu ya Sahara.